Pedali Aliyopewa Sindano

Jumatatu, 3 Machi

Nimenunua daftari. Mtu mzima wa miaka arobaini na moja, mchonga funguo siku za kazi, mpiga gitaa wikendi—nimeanza kuandika shajara kama msichana wa shule! Lakini kuna mambo ukiyasema kwa sauti unajiona mjinga. Bora yakae humu.

Jambo lenyewe ni hili. Leo nimerudi kazini, hata viatu sijamaliza kuvua, nikasikia sauti kutoka chumba cha nyuma. Chumba cha Fundi. (Fundi ni mke wangu. Anatengeneza redio, spika, pasi, chochote chenye waya. Mtaa mzima unamwita hivyo, na mimi nimeuiga mtaa.) Ile sauti! Kama nyuki elfu ndani ya debe. Akazungusha kitu, nyuki wakawa tarumbeta. Akazungusha tena, ikawa kama mzee anayeimba huku amefumba mdomo. Gitaa ni lile lile moja. Nilisimama ukumbini na kiatu mkononi.

Ni pedali ya fazi. Kiboksi cha bati, ukubwa wa kiganja. Unakiweka sakafuni, unakikanyaga, na sauti safi ya gitaa inakwaruzika, inaota manyoya. Za dukani nimepiga nyingi. Zote zinajua kelele moja tu. Hii ina vinobu vinne vya kuzungusha na swichi mbili, na Fundi anaijenga kwa mkono wake mwezi wa nane sasa.

Ndani yake kuna transista mbili kuukuu alizozitoa kwenye redio ya marehemu baba yake. Vidude vya chuma, vidogo kama punje ya mahindi, kila kimoja na miguu mitatu. Zimebaki hizo mbili tu, kwa hiyo pedali ni moja tu. Haitatengenezwa ya pili.

Nimegonga mlango.

"Bado haijaiva," akasema bila kufungua.

Sawa. Mimi ni mtu wa kusubiri. Cha mtu ni chake.

Jumatano, 5 Machi

Funguo hamsini na mbili leo! Shule moja imebadilisha makufuli yote. Mashine imelia tangu asubuhi, nami mawazo yote kwenye fazi.

Tarehe ishirini na tatu tunapiga hotelini, Jumapili mchana, bustanini, na watu wa redio watakuja kurekodi. Mjomba amesema kutakuwa na wimbo mmoja wenye dakika tatu za gitaa peke yake. (Mjomba ni mpiga ngoma wetu na kiongozi wa bendi. Si mjomba wa yeyote kati yetu, ila anatugombeza kama ametulea.) Hakusema dakika hizo ni za nani. Nani mwingine? Niko bendi hii mwaka wa kumi na nne.

Ni kweli kuna Sindano. Ameingia Januari. Dada mwembamba, mtulivu, vidole virefu. Mchana anauza dawa za mifugo. Anapiga vizuri. Vizuri tu. Mimi najua kila wimbo kama ulivyorekodiwa, noti kwa noti. Yeye hajui hata mmoja mpaka mwisho. Akifika katikati anabuni!

Ijumaa, 7 Machi

Sindano amekuja nyumbani. Nilidhani amekuja kuniona mimi, mambo ya mazoezi. Nikamkaribisha, nikamvutia kiti.

"Shikamoo, shemeji. Dada yupo?"

Shemeji! Nani kamwoza nani? Eti kwa kuwa anamwita mke wangu dada, basi mimi nimekuwa shemeji yake. Na ule mlango wa chumba cha nyuma, ambao kwangu haufunguki, kwake ulifunguka kabla hajagonga.

Masaa mawili na nusu walikaa humo. Nikachemsha chai niwapelekee, maana mwenye chai hafukuzwi. Nilipofika mlangoni nikaganda na sinia. Sindano alikuwa anapiga taratibu, kama anaogopa kumwamsha mtu. Halafu—hili ndilo limenikaa kooni—akapunguza sauti kwenye gitaa lenyewe, na ile fazi ikamfuata chini. Ikanong'ona. Sijawahi kusikia fazi ikinong'ona maisha yangu yote. Fundi akacheka. Si kicheko cha mtu aliyechekeshwa. Kile cha mama aliyeona mtoto wake amepiga hatua ya kwanza.

Laiti Sindano angekuwa mwanamume! Ningejua pa kuanzia. Ningefoka, ningewapigia ndugu simu, watu wangenipa pole. Sasa nikamwambie nani kwamba naumia kwa sababu mke wangu amemsikiliza mwanamke mwenzake akipiga gitaa?

Chai ikapoa. Nimeinywa mwenyewe, vikombe vyote viwili.

Jumamosi, 8 Machi

Amempa!

Mazoezini, kile chumba chetu juu ya karakana ya baiskeli. Sindano kafungua begi, katoa kitu kimefungwa kitambaa. Nilikijua kabla hajakifungua. Kitambaa chenyewe ni fulana yangu ya zamani! Akaweka pedali sakafuni, akakanyaga. Mjomba aliangusha fimbo moja na hakuiokota. Mpiga besi akafumba macho.

"Hebu rudia," Mjomba akasema.

Akarudia, na haikuwa ile ile. Mara ya tatu, tena haikuwa ile ile. Mara ikaguna, mara ikalia, mara ikaimba. Mjomba akanigeukia: "Bwana Funguo, mkeo ana mkono wa dhahabu!" Anadhani ananisifu. Nikajikaza kisabuni, nikacheka mpaka mashavu yakaniuma.

Na zile dakika tatu kapewa yeye.

Nyumbani nilimkuta Fundi anamenya viazi. Sikusalimia.

"Umempa pedali."

"Nimempa apige. Nilikuwa natafuta mguu kama wake."

"Na mimi sina mguu?"

Akaweka kisu chini. "Miezi minane, mume wangu. Uliwahi kuniuliza hata siku moja najenga nini?"

"Nilijua ni fazi!"

"Ulijua. Hukuuliza."

Hilo nalo ni jibu la kumpa mtu? Viazi tumekula. Vilikuwa vigumu.

Jumapili, 9 Machi

Sina wivu. Naandika ili ijulikane: sina. Ni suala la haki tu.

Jumanne, 11 Machi

Nina wivu. Haya! Kijiba cha roho kimenikaa hapa, chini ya mbavu, nakisikia hata nikiinama kufunga kamba za viatu. Leo mteja kaleta ufunguo wake nimnakilie, nikamchongea nakala mbili za ufunguo wa mtu mwingine. Amerudi akifoka kwamba amesimama nje ya nyumba yake nusu saa kama mwizi. Nimemwomba radhi. Sikumwambia kwamba kichwani nilikuwa namsikia Sindano.

Asubuhi huyo huyo Sindano amepitisha pedali hapa, kinobu kimoja kinakwaruza. Fundi amekisafisha, kimetulia. Kisha akafunga safari kwenda kumwona mama mkwe, goti limemsumbua tena. Atarudi kesho usiku.

"Sindano akija kesho jioni, mpe," ameniambia. "Iko tayari, iko mezani." Tena akanishika bega.

Iko mezani. Mimi niko kitini. Tunatazamana.

Jumatano, 12 Machi

Nimefanya. Niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Kwanza nilitaka kuipiga tu. Haki ya Mungu, kuipiga tu. Jana jioni nikachomeka gitaa, nikakanyaga, nikaanza wimbo ninaoujua kuliko yote. Ikasikika kama bati linaburutwa barabarani. Nikazungusha vinobu. Nikageuza swichi. Nyuki hawakuja, tarumbeta haikuja. Nikapunguza sauti ya gitaa kama alivyofanya yeye—ikakata kabisa. Pedali za dukani zinakusitiri. Ukikosea, kelele inakufunika. Hii inatoa kila kitu hadharani. Kila kidole kilichochelewa, kila kamba niliyoikandamiza kwa hasira. Nusu saa nzima nilijisikiliza mwenyewe. Sikupenda nilichokisikia.

Ndipo nikachukua bisibisi.

Skrubu nne. Transista mbili bega kwa bega, kama watu waliokaa kwenye benchi. Kazi ndogondogo mkono wangu unazijua. Nikapasha chuma cha kulehemu cha Fundi, nikang'oa moja, nikaweka nyingine inayofanana nayo, ya kwenye kopo la vyuma chakavu. Nikafunga. Nikafuta alama za vidole kwa shati. Ile ya marehemu baba mkwe nikaitia mfukoni.

Jioni hii Sindano ameifuata.

"Ahsante sana, shemeji."

Nikamwambia karibu tena. Karibu tena!

Jumamosi, 15 Machi

Pedali imekufa. Nilikuwa nasubiri furaha. Iandikwe kwamba niliisubiri.

Sindano alikanyaga, ikatoka sauti ya mtu mwenye mafua. Akazungusha huku na huku. Akabadilisha betri, akaomba waya mwingine. Nikajua sasa atasema Fundi kaharibu, Fundi hajui kazi. Jibu la kumtetea mke wangu nilikuwa nalo tayari, limeiva! Hakusema. Aliutazama mkono wake wa kulia.

"Ni mimi," akasema. "Wiki iliyopita ilikuwa inaniitikia. Sijui nimeikosea nini."

Akapiga bila pedali. Vibaya. Kichwa kimeinama, na kila wimbo ukiisha anatuomba radhi.

Mjomba alinifuata kwenye ngazi. Kama mambo hayatatengemaa, zile dakika tatu nizichukue mimi. Nikamwambia nitajitahidi.

Nimefurahi? Nimefika nyumbani nikaosha gari la jirani. Hakuniomba. Nimeliosha mpaka magurudumu.

Jumatatu, 17 Machi

Sindano ameirudisha pedali, na Fundi ameifungua.

Nilimwona kutoka ukumbini, mlango umeachwa wazi. Akavaa miwani, akafungua skrubu moja moja, akainama. Halafu akasema, "Baba." Neno hilo moja tu, polepole, kama anayemwita mtu aliyelala.

Kisha simu, kwa Sindano. Alianza kwa kunong'ona, akaishia kupaza sauti. Ulimpa nani? Ulipeleka kwa fundi gani? Nimekupa kitu cha baba yangu ukaenda kukichokonoa! "Na aliyelehemu hapa hajawahi kushika chuma maishani, ni uchafu mtupu!" Hapo niliumia kidogo. Nilidhani nimelehemu vizuri. Upande wa pili nilisikia sauti nyembamba ikirudia: hapana dada, hapana dada.

Kunishuku mimi hakukumjia hata kidogo. Pedali imelala hapa usiku mmoja tu, na mimi, mume ambaye kile chumba hajawahi hata kukifagia, nitaanzia wapi?

Jioni ameniegemea. Miezi mingapi imepita? Amelia mpaka bega langu likalowa. Basi nimepata vyote—dakika tatu ninazo, mke ninaye, Sindano yuko nje. Na nilikaa pale nikiwaza nini? Nikiwaza kwamba mimi sijawahi kuliliwa hivi. Nusu ya machozi ilikuwa ya baba yake, nusu ya Sindano. Langu lilikuwa bega tu.

Alhamisi, 20 Machi

Nimeamua kuirudisha ile transista kimyakimya. Fundi akienda kuoga, dakika kumi zinanitosha. Halafu nitasema, hebu jaribu tena, labda ilikuwa unyevu. Ujinga, lakini mwanadamu hushika hata jani.

Nikatia mkono kwenye mfuko wa koti la kazi. Funguo, leso, funguo—transista. Miguu miwili.

Miwili! Wa tatu umekatika. Siku tisa nimeiacha igongane na vyuma. Nimepekua mfuko mpaka bitana, nimefagia kibanda changu cha funguo, nimepiga magoti chini ya mashine kwenye vumbi la shaba, wateja wananishangaa. Hakuna. Kilichobaki ni kisiki kidogo, hata ukucha haukishiki. Hiki siwezi kukiunga. Namjua mtu mmoja tu anayeweza.

Ijumaa, 21 Machi

Sindano amekuja. Hakuingia. Kasimama kizingitini na viatu vya kazi, vinanuka dawa ya kupe.

"Dada," akamwambia Fundi, "sijaifungua. Lakini imeharibika mikononi mwangu, kwa hiyo lawama ni yangu. Nisamehe. Na hata usiponisamehe mimi, usiache kujenga."

Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, hatua tatu kutoka kwao. Nimeshika rimoti. Televisheni imezimwa.

Fundi akasema amesikia. Kwamba amesamehe, hakusema. Sindano alipogeuka kuondoka macho yake yakakutana na yangu.

"Shemeji, Jumapili kila la heri. Wimbo ule usiupige haraka. Uache upumue."

Hata ushauri ananipa! Na ushauri wenyewe ni wa kweli. Kuna watu hawakuachii hata nafasi ya kuwachukia.

Jumamosi, 22 Machi

Nimemwambia Fundi.

Asubuhi mapema, jikoni, amesimama anasubiri maji yachemke. Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu, yenye utangulizi. Ikatoka hivi: "Ni mimi." Nikaiweka transista mezani, karibu na kopo la chumvi.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliiinua, akaishika kwenye mwanga wa dirisha, akakigusa kile kisiki kwa ncha ya ukucha. Maji yakachemka, yakaendelea kuchemka. Ni mimi niliyezima jiko.

"Uliipiga kwanza?" akauliza.

Sikuelewa.

"Pedali. Kabla hujaifungua. Uliipiga?"

"Niliipiga."

"Ilisikikaje?"

Uongo ulikuwa mdomoni, mtamu kabisa. Ilisikika kawaida. Ilisikika kama nyingine. Nikasema, "Ilisikika kama mimi."

Akavuta kiti, akakaa. Akanitazama vile anavyotazama redio iliyoletwa na mtu asiyejua imeharibikia wapi. Hasira ilikuja baadaye. Sahani moja imevunjika, ile kubwa. Akasema mambo matatu, mawili siyaandiki. La tatu ni hili: "Sindano utamwambia wewe. Kwa mdomo wako. Kabla ya shoo, si baada."

Kutwa nzima kajifungia chumba cha nyuma. Nimesimama mlangoni mara tano. Mara ya tano nikauliza, "Unafanya nini humo?"

Kitu kikagongwa mezani. Halafu: "Leo ndiyo unauliza."

Lakini akajibu. Anatafuta njia ya kuunga mguu mpya kwenye kisiki. Bado hajaipata.

Jumapili, 23 Machi

Naandika hapa hotelini, stoo nyuma ya jukwaa, nimekalia kreti la soda. Saa nane na dakika arobaini. Tunaanza saa tisa. Nje watu wa redio wanajaribu maikrofoni—moja mbili, moja mbili—na viti vinaburutwa kwenye majani.

Fundi amekuja na begi lake la vifaa, na waya mwembamba kama unywele. Hii ndiyo njia aliyoipata alfajiri. Mjomba kaambiwa ni betri tu, asihangaike. Sindano kapigiwa simu na Fundi mwenyewe: njoo na gitaa. Hakuuliza kwa nini. Amekuja.

Amenisalimia. Nikafungua mdomo nimwambie, nikasema—"Jua kali leo." Hayo ndiyo yaliyotoka! Jua kali! Tena humu hakuna jua.

Wako pale, hatua sita kutoka hapa nilipo. Pedali imefunguliwa juu ya spika iliyolazwa. Stoo ina giza, balbu imeungua. Fundi amepiga magoti, chuma cha kulehemu kinatoa moshi. Akasema bila kugeuka, "Nani atanishikia tochi?"

Nikanyanyuka. Nilinyanyuka kweli, kalamu nimeshaipachika sikioni.

"Sindano, njoo," akasema.

Nimekaa tena.

Sasa ameishika yeye. Vichwa vyao vinakaribia kugusana. Hawasemeshani. Fundi akisogeza kidole, mwanga unasogea naye, hajamwambia. Mkono wa Sindano hautetemeki. Wangu nao hautetemeki! Miaka ishirini nachonga funguo, mkono wangu ni jiwe. Pedali sawa, dakika tatu sawa, lakini tochi? Tochi tu angeshindwa nini kunipa mimi—

Mjomba amechungulia. Dakika kumi! Na anataka kujua zile dakika tatu za gitaa ni za nani, awatajie watu wa redio. Fundi ameninyanyulia macho mimi, juu ya miwani, na hayashushi.

Fundi akamnong'oneza kitu Sindano, naye amegeuka. Mwanga wote umeniangukia usoni, siwaoni vizuri, nasikia sauti tu.

"Shemeji, Dada anasema una neno na mimi."

Ninalo. Nimeinua kidole, namalizia mstari. Wananisubiri wote watatu. Nitasema. Naweka kalamu chini sasa hivi na nitasema kila kitu, ile Jumanne, bisibisi, mfuko, kila kitu. Ila kwanza mtu aichukue hiyo tochi mkononi mwake, maana—